Kazi Iliyopotea na Kazi Inayotajwa: Waasia wa Afrika Mashariki Mbele ya Fomu za Uhamiaji za Uingereza na Kanada, 1967–1978

1.0 Utangulizi

Historia ya kuhama kwa Waasia kutoka Kenya, Uganda na Tanzania imeandikwa zaidi kama historia ya uraia na rangi. Msomaji hukutana na habari za pasipoti, kauli za wanasiasa, ndege zilizojaa abiria, na makazi mapya ya Leicester, London, Toronto na Vancouver. Jambo moja limepewa nafasi ndogo ingawa halikukosekana katika maombi ya wakati huo, nalo ni swali la kazi. Mwombaji aliulizwa anafanya kazi gani. Wengi wa walioulizwa walikuwa wamepoteza kazi hiyo miezi michache tu kabla, na walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba huko waendako hawangeifanya tena. Swali lililoonekana jepesi kuliko yote lilikuwa gumu kulijibu kwa neno moja.

Insha hii inachunguza hali ya mtu aliyeomba kuhama akiwa hana ajira na akiwa njiani kubadili kazi. Inalinganisha mifumo miwili iliyowakabili Waasia wa Afrika Mashariki kwa wakati mmoja: vocha maalumu za Uingereza zilizoanza mwaka 1968, na mfumo wa alama wa Kanada ulioanza mwaka 1967. Hoja kuu ni kwamba mifumo hiyo ilimtaka mwombaji yule yule aisimulie riziki yake kwa namna mbili zinazopingana. Uingereza ilimtaka aoneshe kwamba riziki yake imekatika. Kanada ilimtaka aoneshe kwamba anao ujuzi utakaohitajika kesho. Kutokana na hilo, inapendekezwa kwamba jina la kazi linalopatikana katika kumbukumbu za uhamiaji za kipindi hiki lisomwe kama hoja ya mwombaji, na lisichukuliwe moja kwa moja kuwa maelezo ya maisha yake.

Neno "Waasia" linatumika hapa kwa maana iliyozoeleka katika maandishi ya historia ya eneo hili, yaani watu wenye asili ya Bara Hindi, ambao katika Kiswahili cha kila siku huitwa Wahindi. Hawakuwa kundi moja. Walikuwamo Wahindu, Waislamu wakiwemo Waismailia na Mabohora, Masingasinga, na Wagoa ambao wengi wao ni Wakristo. Vivyo hivyo, kazi zao zilitofautiana: reli, ukarani wa serikali, useremala, ualimu, uwakili, udaktari na duka. Picha ya mwenye duka imezifunika nyingine zote, na kama itakavyooneshwa, picha hiyo yenyewe ilikuwa na athari wakati wa kuomba kuhama.

2.0 Ajira Kufungamanishwa na Uraia

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wasiokuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kujiandikisha kuwa raia. Baadhi yao walijiandikisha. Wengine wengi walibaki na uraia wa Uingereza na Makoloni, kwa sababu mbalimbali: hofu, mazoea, mahesabu ya familia, au kusubiri kuona mambo yatakavyokwenda. Kwa miaka minne ya mwanzo uamuzi huo haukugusa sana riziki ya kila siku. Mwenye duka aliendelea kufungua duka, na karani aliendelea kwenda ofisini.

Mwaka 1967 hali ilibadilika. Sheria mpya ya Uhamiaji, iliyoanza kutumika mwezi Desemba mwaka huo, ilimlazimu asiye raia kuwa na kibali ili afanye kazi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka huo huo iliweka mipaka ya maeneo ambamo asiye raia angeweza kufanya biashara, na ya bidhaa ambazo angeweza kuuza. Uganda ilifuata kwa sheria yake ya leseni za biashara ya mwaka 1969. Tanzania ilipita njia nyingine. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatwa na kutaifishwa kwa mabenki na makampuni makubwa, na mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalichukuliwa na serikali. Sheria ya majengo haikutaja rangi wala asili ya mwenye nyumba, lakini sehemu kubwa ya walioguswa walikuwa Waasia wa mijini.

Ni muhimu kuzitazama hatua hizi ndani ya historia yake. Ukoloni ulikuwa umepanga kazi kwa ngazi za rangi, na sheria za kikoloni zilizobana utoaji wa mikopo kwa Waafrika zilikuwa zimeizuia biashara ya Mwafrika isikue. Serikali za nchi huru zilikabiliwa na madai halali ya raia waliofungiwa nje ya biashara na ukarani kwa miongo kadhaa. Kutambua uhalali huo hakumzuii mwanahistoria kuona matokeo yake kwa mtu mmoja mmoja. Fundi wa reli aliyetumikia miaka 20 alijikuta akisubiri kibali cha kuendelea na kazi ile ile aliyoifanya jana yake. Ujuzi wake haukupungua. Kilichobadilika ni haki ya kuutumia. Ukosefu wa ajira wa namna hii ulitokana na karatasi, na kwa hiyo dawa yake nayo ilitafutwa katika karatasi.

Takwimu za sensa zinaonesha ukubwa wa mwendo uliofuata. Sensa ya Kenya ya mwaka 1962 ilihesabu Waasia wapatao 177,000. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu takribani 139,000.

3.0 Foleni ya Uingereza: Hasara Kugeuka Sifa

Uingereza ilikuwa tayari imeanza kuwapanga wahamiaji kwa kigezo cha kazi. Sheria ya Wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ya mwaka 1962 ilianzisha vocha za ajira za aina tatu. Aina ya A ilikuwa ya mtu mwenye mwajiri anayemsubiri, na aina ya B ya mtu mwenye ujuzi unaotambuliwa. Aina ya C ilikuwa ya wengine wote. Mtu asiye na ajira wala cheti aliangukia C, na mlango huo ndio uliofungwa kwanza: kufikia mwaka 1965 vocha za aina ya C zilikuwa zimeondolewa.

Waasia wengi wa Kenya hawakuguswa na mpangilio huo mwanzoni. Pasipoti walizopewa na Ubalozi wa Uingereza baada ya uhuru zilihesabiwa kuwa zimetolewa na serikali ya Uingereza yenyewe, na hivyo walikuwa nje ya udhibiti wa mwaka 1962. Sheria za Nairobi za mwaka 1967 zilipoanza kuuma, maelfu walisafiri kwenda London. Serikali ya Uingereza ilijibu kwa kasi isiyo ya kawaida. Muswada mpya ulipitishwa bungeni kwa siku chache na kuwa sheria tarehe 1 Machi 1968. Tangu siku hiyo, mwenye pasipoti ya Uingereza asiye na mzazi wala babu au bibi mwenye uhusiano wa kuzaliwa au wa kisheria na Uingereza yenyewe alihitaji vocha ili aingie katika nchi ambayo alikuwa raia wake.

Vocha hizo maalumu zilianza kwa idadi ya 1,500 kwa mwaka, nazo zilitolewa kwa wakuu wa kaya. Idadi iliongezwa miaka iliyofuata, lakini foleni iliendelea kuwa ndefu. Kwa mada ya insha hii, jambo la kuzingatia zaidi ni kigezo cha kupanga foleni hiyo. Tofauti na vocha za mwaka 1962, hapa ujuzi haukuwa ufunguo. Mwombaji alitakiwa kuonesha kwamba yumo katika shinikizo la kuondoka, na kipaumbele kilikwenda kwa waliopoteza haki ya kufanya kazi au ya kufanya biashara. Barua ya kunyimwa kibali na notisi ya kufutiwa leseni zilikuwa ndizo nyaraka zenye thamani.

Athari yake kwa familia inaeleweka kwa urahisi. Mwenye leseni hai hakuwa na haja ya haraka machoni pa ofisi, hata kama alijua kwamba leseni hiyo haitahuishwa mwaka unaofuata. Aliyekwisha kuipoteza alisogea mbele, lakini alisogea akila akiba. Kanuni ilimlazimu mtu afike kwenye ukosefu wa kipato kwanza ndipo asikilizwe, kisha ikamweka hapo muda usiojulikana. Katika kipindi hicho cha kusubiri hakuruhusiwa kufanya kazi yake ya zamani, wala hakuwa na mahali pa kujifunzia mpya. Baadhi walichoka, wakapanda ndege bila vocha, wakakataliwa London na kurushwa kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine.

Malalamiko ya watu wa namna hiyo yalifikishwa mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika ripoti yake ya Desemba 1973, Tume iliona kwamba kuwazuia raia hao kwa misingi ya rangi kulifikia kiwango cha kudhalilisha. Ripoti hiyo haikutangazwa rasmi hadi mwaka 1994.

4.0 Alama za Kanada: Kazi ya Kesho

Tarehe 1 Oktoba 1967 Kanada ilianza kutumia kanuni zilizoondoa upendeleo wa wazi wa nchi ya asili na kuweka mfumo wa alama. Mwombaji huru alipimwa kwa vigezo tisa vyenye jumla ya alama 100, naye alihitaji alama 50. Elimu na mafunzo vilibeba alama 20. Sifa binafsi, kwa maoni ya ofisa aliyemhoji, zilibeba 15. Mahitaji ya soko kwa kazi yake yalibeba 15, na kiwango cha ujuzi 10. Umri, ajira iliyokwisha kupangwa, na ujuzi wa Kiingereza na Kifaransa vilibeba 10 kila kimoja. Jamaa aliyeko Kanada na nafasi za ajira katika eneo la kufikia vilibeba 5 kila kimoja.

Mfumo huu haukumfukuza asiye na ajira. Ulimnyima tu alama 10 za ajira iliyopangwa, ambazo waombaji wengi wa mbali hawakuzipata hata hivyo. Hakuna kigezo kilichouliza kama mwombaji ana kazi siku ya kuomba. Kwa mtu aliyefutiwa leseni Nairobi au Kampala, hili lilikuwa jambo kubwa. Hasara yake haikumsaidia, lakini pia haikuhesabiwa dhidi yake.

Ugumu ulikuwa katika kutaja kazi. Vigezo viwili vilihusu kazi moja kwa moja, navyo vilitazama pande mbili tofauti. Kiwango cha ujuzi kilipimwa kwa ujuzi wa juu kabisa alionao mwombaji. Hicho kilitazama nyuma. Mahitaji ya soko yalipimwa kwa kazi ambayo angeifanya Kanada. Hicho kilitazama mbele. Kanuni zilitambua, angalau kwa kimya, kwamba aliyoyafanya mtu na atakayoyafanya yanaweza kuwa mambo mawili.

Mfano wa kukadiria unaonesha uzito wa jambo hili. Tuchukue mwenye duka wa miaka 38, mwenye miaka 10 ya shule, anayejua Kiingereza vizuri na asiyejua Kifaransa, asiye na jamaa Kanada wala mwajiri. Kwa umri atapata alama 7, kwa kuwa kila mwaka uliozidi 35 ulipunguza alama moja. Elimu itampa 10, kwa alama moja ya kila mwaka wa shule, na lugha itampa 5. Jumla ni 22. Tukidhani kwamba ofisa amempa 10 za sifa binafsi na 3 za eneo la kufikia, anafika 35. Alama 15 zinazobaki lazima zitoke katika vigezo viwili vya kazi, ambavyo kwa pamoja vina 25. Akijieleza kama mwuza duka, ni vigumu azipate. Akijieleza kama mtunza hesabu, kwa sababu kwa miaka 18 aliandika vitabu vya duka kwa mkono wake, anaweza kuzipata. Hajasema uongo. Kazi zote mbili alizifanya katika chumba kimoja na siku ile ile. Lakini jibu moja linamwacha Nairobi na jingine linampeleka Toronto.

Hapa ndipo upinzani wa mifumo miwili unapoonekana wazi. Mwenye duka huyo, akiandika kwa Waingereza, alihitaji kusisitiza kwamba alikuwa mfanyabiashara aliyenyimwa biashara. Akiandika kwa Wakanada, alihitaji kupunguza habari za duka na kukuza habari za vitabu vya hesabu. Kubadili kazi kulianzia kwenye karatasi, kabla ya safari.

5.0 Kampala 1972: Kanuni Kulegezwa

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wangeondoka Uganda katika muda wa siku 90. Ukomo uliwekwa tarehe 8 Novemba. Kwa tamko hilo, watu wa kazi zote waligeuka kuwa watu wasio na kazi. Daktari wa Mulago, mwenye kiwanda wa Jinja na fundi cherehani wa Mbale walisimama katika hali moja.

Uingereza ilikubali wajibu kwa wenye pasipoti zake, na zaidi ya watu 27,000 walipokewa huko. Foleni ya vocha, iliyolindwa kwa miaka minne, haikuweza kuhimili dharura hiyo. Kanada nayo ilitangaza tarehe 24 Agosti kwamba ingepeleka maofisa. Kundi hilo, likiongozwa na Roger St. Vincent kutoka ofisi ya Beirut, lilianza kupokea waombaji Kampala mwanzoni mwa Septemba. Ndege ya kwanza iliyokodiwa iliondoka mwishoni mwa mwezi huo kuelekea Montreal. Kwa jumla, takribani watu 6,000 walipata njia ya kuingia Kanada kutokana na kazi hiyo.

Kilichotokea Kampala kinafundisha mengi kuhusu mfumo wa alama. Waombaji walihojiwa na kupimwa, lakini maofisa walipewa uhuru wa kulegeza kanuni kwa sababu za kibinadamu. Uwezo huo haukuwa mgeni: kanuni za mwaka 1967 zenyewe zilimruhusu ofisa, katika hali za pekee, kuamua kinyume cha jumla ya alama. Kampala ilionesha kwamba hesabu iliyodaiwa kuwa ya haki kwa sababu haikumtegemea mtu bado ilihitaji mtu wa kuamua lini iwekwe kando. Ilionesha pia mipaka ya kupima kazi ya kesho kwa mtu ambaye leo hana hakika ya kufika uwanja wa ndege wa Entebbe.

Ulegevu huo haukudumu. Mwishoni mwa mwaka 1974, uchumi ulipoyumba, Kanada iliamua kumpunguzia alama 10 mwombaji asiye na ajira iliyopangwa na asiyekwenda kuziba upungufu wa watenda kazi. Ukosefu wa ajira, ambao mwaka 1967 ulikuwa pengo tu katika hesabu, sasa ukawa kosa linalotozwa faini.

6.0 Wasiokuwa na Mstari katika Fomu

Mifumo yote miwili ilidhani kwamba kaya ina mtenda kazi mmoja. Katika vocha za Uingereza dhana hiyo iliandikwa waziwazi kwa sharti la mkuu wa kaya. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa kuwa mkuu wa kaya isipokuwa katika hali chache, hata kama pasipoti ya Uingereza ilikuwa yake, na mshahara wa ualimu ndio uliokuwa ukilisha nyumba. Mwaka 1983 Mahakama ya Mabwana ya Uingereza ilipokea rufaa ya mwanamke aliyekataliwa vocha huko Bombay kwa msingi huo, ikaamua kwamba sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia haikuhusu mpango wa vocha.

Matokeo ya dhana hiyo yalionekana upande wa pili wa safari. Wanawake walioingia kama wategemezi, bila kazi yoyote kutajwa kwa jina lao, walijikuta viwandani, kwa kuwa mshahara mmoja haukutosha. Mgomo wa kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, kaskazini-magharibi mwa London, kati ya Agosti 1976 na Julai 1978, ulibebwa kwa sehemu kubwa na wanawake wa Kiasia waliotoka Afrika Mashariki. Kiongozi wao, Jayaben Desai, alikuwa ameishi Tanzania kabla ya kuhamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuna fomu iliyoweza kumtabiri kiongozi wa wafanyakazi. Badiliko la kazi lililoathiri historia ya vyama vya wafanyakazi vya Uingereza lilifanyika nje ya kila safu iliyokusudiwa kurekodi kazi.

Kwa upande wa Kanada, waliopita kwa alama za ujuzi nao walikutana na mlango wa pili. Serikali kuu ilitoa alama kwa daktari, mwalimu au wakili, lakini leseni ya kufanya kazi hizo ilikuwa mikononi mwa majimbo na vyama vya taaluma. Cheti kilichomwingiza mtu nchini hakikumwingiza kazini. Riwaya ya M. G. Vassanji, *No New Land* ya mwaka 1991, inayohusu familia kutoka Dar es Salaam inayotafuta maisha Toronto, imeifanya hali hii ya kutafuta kazi kuwa sehemu ya fasihi. Mwanahistoria anaweza kuichukua kama ishara kwamba jambo hilo lilibaki katika kumbukumbu ya jamii muda mrefu baada ya visa kugongwa muhuri.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kati ya mwaka 1967 na 1978 Mwasia wa Afrika Mashariki aliyeomba kuhama bila ajira alikabiliwa na madai mawili yasiyopatana. Vocha ya Uingereza ilitoa kipaumbele kwa riziki iliyokatika, na kwa hiyo ilirekodi kazi iliyopotea. Alama za Kanada zilipima riziki inayotarajiwa, na kwa hiyo zilirekodi kazi inayotajwa. Kati ya kazi hizo mbili palikuwa na mtu aliyekuwa akibadili kazi, ambaye hakuna mfumo uliomuuliza anabadilika vipi.

Matokeo yake kwa utafiti ni ya moja kwa moja. Majedwali ya kazi za wahamiaji, yanapojengwa juu ya fomu hizi, yanaweza kuonesha wafanyabiashara wengi waliokwenda Uingereza na watunza hesabu wengi waliokwenda Kanada. Mtafiti anaweza kudhani kwamba makundi mawili tofauti ya watu yalichagua nchi mbili tofauti. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilitengenezwa na maswali. Ili kuitenga, itabidi majina yafuatiliwe kutoka rejista za leseni za Nairobi na Kampala hadi kwenye faili za vocha na za alama, na kutoka hapo hadi kwenye orodha za mishahara za viwanda na ofisi walikoishia. Kazi hiyo ni ndefu, lakini bila hiyo historia ya ajira ya jamii hii itaendelea kuandikwa kwa maneno ambayo ofisi ziliwalazimisha watu wayaseme. Wanawake, ambao ofisi hizo hazikuwauliza lolote kuhusu kazi, wataendelea kukosekana humo.